Nadharia za ujifunzaji ndani ya andalio la somo: hatua kwa hatua kwa mwalimu anayeanza

Kila muhula walimu wa mazoezi wanapofika shuleni kwetu hapa Kisumu, maswali huwa yale yale. Nitumie nadharia gani? Mtathmini akiniuliza nimemfuata nani kati ya wanasaikolojia Piaget na Vygotsky, nimjibu nini? Na lile linalouma zaidi: mbona darasa zima liliitikia "ndiyo mwalimu", kisha madaftari yakaja na makosa matupu? Nimeandika mwongozo huu kujibu hayo kwa pamoja. Unamlenga mwalimu aliye chuoni, au aliyetoka chuo juzi, ambaye nadharia alizisoma akazifanyia mtihani, ila haoni zinaingilia wapi anapokaa jioni kuandika somo la kesho.

Kwa swali la kwanza, jibu langu ni hili: usichague nadharia ya somo. Somo moja lina maamuzi mengi, na kila uamuzi una nadharia inayoufahamu kuliko nyingine. Utauliza nini mwishoni? Utaacha nini nje? Nani atazungumza na nani? Lini utarudia? Ukiyapanga maamuzi hayo kwa zamu, kila nadharia itajileta yenyewe mahali pake.

Mfano nitakaoufuata ni somo la Kiswahili la Gredi ya 4: vimilikishi (maneno ya kumiliki, kama changu na vyangu) katika ngeli ya KI-VI, dakika 35, wanafunzi 60. Nimeuchukua huo kwa sababu ndiyo mada inayowakwamisha walimu wengi mjini humu, na kwa sababu makosa yake yanaonekana wazi daftarini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Muundo wa mtaala wa gredi yako kutoka KICD (taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya), pamoja na azimio la kazi la muhula.
- Madaftari sita ya wanafunzi: mawili ya wanaofanya vizuri, mawili ya wa wastani, mawili ya wanaotatizika. Usichukue ya wanaokaa mbele pekee.
- Vitu halisi ambavyo havikugharimu: kikombe, kijiko, kiatu, kitabu, kikapu. Kisu kiache nyumbani.
- Karatasi ya manila moja na makasi.
- Saa. Ya simu inatosha, mradi uiweke mezani unapoweza kuiona.
- Nusu saa ya utulivu. Hii ndiyo ngumu kupatikana, lakini bila hiyo utaishia kunakili andalio la mwenzako.

Nadharia, kwa kiasi kinachotosha

Mambo manne yatakufikisha mbali. La kwanza, akili inaposhughulikia jambo jipya ina nafasi finyu. George Miller alilionyesha hilo mwaka 1956 alipoandika kwamba watu hushikilia takriban vitu saba kwa wakati mmoja, na tafiti za baadaye zikaishusha hesabu hiyo hadi karibu vinne. John Sweller, kuanzia 1988, akalijengea nadharia ya mzigo wa akili. La pili, mtu hujifunza jipya kwa kulishikiza kwenye analojua. David Ausubel aliandika mwaka 1968 kwamba hilo ndilo jambo moja linaloathiri ujifunzaji kuliko yote. La tatu ni la Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki 1934: kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akisaidiwa kuna eneo, na mafundisho yenye faida hufanyika humo. La nne, kusahau huanza mapema mno. Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe akachapisha matokeo yake 1885: sehemu kubwa ya alichokariri ilipotea katika saa za mwanzo, kisha kasi ya kupotea ikapungua.

Mengine nitayataja yanapohitajika.

Hatua

1. Andika kazi ya mwisho kwanza. Kabla ya utangulizi, kabla ya wimbo, andika maswali matatu ambayo kila mwanafunzi atayajibu peke yake, bila kitabu, dakika za mwisho. Hapa walio na la kukufunza ni wale wanasaikolojia wa tabia, kina Skinner: pima kinachoonekana. "Kuelewa ngeli ya KI-VI" hakuonekani. "Kuandika kimilikishi sahihi" kunaonekana.

Kwa somo letu:

a) Nimeleta kikombe ____ (mimi).
b) Otieno amepoteza vijiko ____ (yeye).
c) Tunga sentensi moja ukitumia neno vifuniko na neno la kumiliki.

Tazama vizuri swali la kwanza. Kama ningeandika "Kikombe ____ kimevunjika", ile "ki" ya kitenzi ingemnong'onezea mtoto jibu, nami nisingejua kama anajua. Na neno "vifuniko" nimeliweka makusudi, sitalitumia ninapofundisha. Mtoto akilipata, amejifunza kanuni. Akipata yale tu niliyoyataja ubaoni, amenikariri.

Onyo: usibadilishe maswali haya baadaye ili yafanane na ulichofanikiwa kufundisha.

2. Soma madaftari utafute wanachojua, hata katika makosa. Hii ndiyo hatua ninayotaka uipe muda kuliko zote. Walimu wengi huhesabu makosa, kisha wanafundisha upya kutoka sifuri.

Fungua insha za watoto wa Kondele au Nyalenda, mitaa ya hapa Kisumu. Utakutana na "kiti yangu", "viti zangu", "kitabu yake", "vitabu zake". Ukiweka alama ya mkasi ukapita, umepoteza hazina. Angalia tena: mtoto huyu anasema yangu kwa umoja na zangu kwa wingi, na hakosei mpangilio huo. Maana yake tayari anajua kwamba neno la kumiliki hubadilika nomino inapobadilika. Anajua umoja na wingi. Anajua upatanisho upo. Kinachokosekana ni kimoja tu: anatumia umbo la ngeli moja kwa nomino zote.

Sasa linganisha na andalio la kawaida, ambalo hutumia dakika kumi na tano kueleza umoja ni nini na wingi ni nini. Dakika zote hizo zimeenda kwa kitu ambacho mtoto anakijua tangu akiwa na miaka minne. Ukianzia anapojua, utawaambia: "Nyinyi tayari hubadilisha, yangu na zangu. Leo tunaona kwamba nomino za KI na VI zina sauti zake." Somo lote limesogea mbele.

Andika kwenye karatasi safu mbili: *wanajua* na *bado*. Katika kila safu usizidishe mambo matatu.

Onyo: usikicheke Kiswahili cha nyumbani wala usikiite kibovu mbele ya darasa. Mtoto akihisi mdomo wake unachekwa ataufunga, na hutapata tena nafasi ya kusikia anachojua.

3. Amua utakachoacha. Ngeli ya KI-VI ina vimilikishi, viashiria, vivumishi vya sifa, vya idadi, na viambishi vya kitenzi. Mwalimu anayeanza huvitia vyote katika dakika 35 kwa sababu kitabu kimeviweka ukurasa mmoja. Mtoto ambaye nafasi ya akili yake inabeba mambo manne mapya kwa wakati mmoja hawezi kubeba kumi na mawili.

Chagua kimoja. Mimi nimechagua -angu, -ako na -ake, basi. Niliyoyaacha nayaandika pembeni pamoja na sababu:

- Idadi. Viti viwili, vitatu, vinne, vitano, kisha ghafla viti sita, saba, halafu vinane, halafu viti tisa. Ukiifundisha siku moja na vimilikishi, kesho yake utasomewa "viti visita", na kosa hilo lina mantiki kabisa: mtoto ameshika kanuni akaipeleka hadi mwisho. Idadi inastahili somo lake.
- Kiongozi, kipofu, kiziwi, kijana. Zina sura ya KI-VI lakini upatanisho wake ni wa A-WA. Zisiguswe siku ya kwanza. Zikiletwa na mwanafunzi, msifu kwa kuziona, ziandike pembeni ya ubao, uahidi siku utakayozirudia.
- Chakula, choo, cheti. Zinaanza na CH badala ya KI. Somo la pili.

4. Onyesha mifano iliyokamilika, kisha nusu, kisha uwaachie. Mwaka 1985 Sweller na Graham Cooper walionyesha, kwa wanafunzi wa aljebra, kwamba anayeanza hufaidika zaidi kwa kuchunguza mifano iliyokwisha kufanywa kuliko kutupwa moja kwa moja kwenye maswali. Akili inapotafuta njia gizani, nafasi ya kujifunza kanuni haibaki.

Inua kikombe: "Kikombe changu." Inua viwili: "Vikombe vyangu." Kiatu changu, viatu vyangu. Kijiko chako, vijiko vyako. Mifano sita hivi, bila hotuba, huku ukiiandika ubaoni kwa safu mbili ili CH na VY zisimame wima, moja chini ya nyingine. Kisha uliza wanaona nini. Waache waseme wenyewe.

Halafu mifano nusu: "Kitabu ch____. Vitabu ____." Kwanza sauti ya mwanzo umewapa, kisha hujawapa. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walifananisha msaada wa namna hii na jukwaa la mafundi wa ujenzi, linaloshushwa kadiri ukuta unavyojishikilia. Sehemu ya kushusha ndiyo walimu huisahau. Ukiendelea kuwapa "ch" hadi dakika ya mwisho, hujui ukuta umesimama au umeegemea jukwaa.

Bruner pia alieleza njia tatu za kushika maarifa: kwa kutenda, kwa picha, kwa alama. Ndiyo sababu kikombe halisi kinatangulia neno kikombe. Kitu kikishafanya kazi yake kiweke chini. Ukikishika mkononi somo zima, macho yote yatakaa kwenye kikombe.

5. Wape kazi dawatini, yenye nafasi ya kila mmoja. Madawati yetu mengi yanakaa watoto watatu, na hilo ni jema. Kata manila iwe kadi ndogo: upande mmoja "vijiko / wewe", upande wa pili jibu, "vijiko vyako". Wa kwanza anaonyesha kadi, wa pili anasema sentensi, wa tatu anaona jibu nyuma na kuamua. Kila kadi zamu inahama. Kadi tatu kwa dawati zinatosha, kisha wabadilishane na dawati la nyuma.

Hapa nadharia mbili zinakutana bila kugombana. Vygotsky yumo, kwa kuwa mtoto anafika mbali kidogo akiwa na mwenzake kuliko akiwa peke yake. Skinner yumo pia, aliyesisitiza kwamba mwanafunzi ajue papo hapo kama amepata au amekosa. Kadi inamwambia katika sekunde hiyo hiyo. Wewe ungemwambia kesho, ukimaliza kusahihisha madaftari 60.

Onyo: usiunde makundi ya watoto kumi. Watatu watafanya kazi, mmoja atabeba karatasi, sita watatazama dirishani.

6. Uliza, kisha nyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe aliwasikiliza walimu wa Marekani miaka ya sabini, akakuta kwamba wengi husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri tatu au zaidi, majibu yakawa marefu na watoto wengi zaidi wakajitokeza. Hesabu tatu kimoyomoyo kabla ya kumwita yeyote. Itakuwia vigumu siku za mwanzo, maana kimya cha darasa la watoto 60 ni kizito.

Na tafadhali acha "tumeelewana?" Jibu lake linajulikana kabla hujauliza. Badala yake sema: "Fumbeni macho. Viatu vya mwalimu: ni changu, inua kidole kimoja, ni vyangu, inua viwili." Tazama vidole. Kwa muda wa pumzi moja umejua darasa zima lilipo.

7. Linda dakika za mwisho. Huu ndio mgawanyo wangu, na uandike ubavuni mwa andalio: dakika nne za kukumbuka somo lililopita, nane za mifano kamili, tano za mifano nusu, tisa za kadi, saba za yale maswali matatu kila mtu peke yake, mbili za kusoma majibu. Dakika ya 26 ikifika, kadi zinakusanywa hata kama wanafurahia.

Jioni gawa madaftari kwa mafungu matatu: waliopata yote, waliokosa (c) pekee, waliokosa hata (a). Usihesabu asilimia. Mafungu hayo ndiyo yatakayokuambia uanzie wapi kesho.

8. Panga marudio leo, kwa tarehe. Usingoje wiki ya mtihani. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, mwaka 2006, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu makala ya kusoma. Wengine wakayasoma tena, wengine wakafunga karatasi na kuandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma tena waliongoza. Baada ya siku mbili, na baada ya wiki, waliojikumbusha ndio waliobaki nayo zaidi. Kwa hiyo marudio yasiwe wewe kueleza upya. Yawe wao kutoa kutoka kichwani.

Fungua azimio la kazi uandike kwa kalamu: kesho maswali mawili, baada ya siku tatu mawili, wiki ijayo mawili, kila mara mwanzoni mwa kipindi, vitabu vikiwa vimefungwa. Ndizo zile dakika nne za mwanzo.

Kwa walimu wa masomo mengine

Hatua hazibadiliki, ila hatua ya 2 itakudai ulijue somo lako. Ukifundisha kuelea na kuzama, watoto wengi watakuja na imani kwamba kizito huzama na chepesi huelea. Usiifute kwa kauli. Waulize kuhusu mashua za wavuvi pale ufuo wa Dunga, zilizobeba watu na nyavu na bado zinaelea, na sindano inayozama. Jean Piaget aliona ujifunzaji ukisukumwa na pale ambapo anachokiona mtoto kinagoma kuingia katika anachokiamini. Katika hisabati za sehemu, gorogoro (mkebe wa kupimia) ya soko la Kibuye inafanya kazi kuliko picha ya keki, kwa kuwa mtoto anayetumwa omena ameona nusu na robo zikipimwa.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kuandika jina la nadharia juu ya andalio kisha kufundisha vile vile kama jana. Jina halibadilishi kitu. Uamuzi ndio unaobadilisha.

Kudhani kwamba mtaala wa umilisi unamtaka mwalimu asifundishe. Mwanafunzi kuwa kitovu cha somo hakumaanishi kumwacha agundue peke yake kitu asichokuwa na chembe yake. Paul Kirschner, Sweller na Richard Clark waliandika mwaka 2006 kwamba kwa anayeanza, mwongozo hafifu hufanya kazi vibaya kuliko ulio wazi. Uhuru uje kadiri ujuzi unavyokua.

Kugawa watoto kuwa wa kuona, wa kusikia na wa kutenda. Imeenea sana vyuoni, lakini Harold Pashler na wenzake walipokagua tafiti mwaka 2008 hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha mtu kwa "mtindo wake" kunamsaidia. Wote waone, wote waseme, wote waandike.

Kutumia usiku mzima kupamba chati. Muda huo yape maswali matatu ya mwisho.

Mambo yakienda kombo

*Muda umeisha kabla ya kazi ya mwisho.* Punguza mifano kamili kutoka sita hadi minne, wala usiguse zile dakika saba. Kama hutokea kila siku, tatizo liko hatua ya 3.

*Karibu wote wamepata yote.* Kagua kama swali lilikuwa na kidokezo ndani. Kama halikuwa nacho, walikuwa wanajua tangu mwanzo. Kesho ruka mbele, usiwarudishe.

*Wengi wamekosa.* Soma aina ya kosa. "Kikombe yangu" maana yake kanuni haijaingia: rudia hatua ya 4 kwa nomino mpya. "Kikombe vyangu" maana yake kanuni imeingia lakini umoja na wingi vimepishana: kadi za dakika tano zitamaliza.

*Mtoto hajui kusoma vizuri.* Muulize (a) na (b) kwa mdomo ukiwa kando ya dawati lake. Unapima vimilikishi leo. Kusoma kunahitaji mpango wake.

*Wawili watatu wamemaliza mapema kila mara.* Wape zile nomino ulizoziacha pembeni, kiongozi na kipofu, wajaribu kueleza kwa nini haziingii safuni. Usiwafanye wasaidizi wa darasa kila siku. Nao wana haki ya kusukumwa.

*Mvua ya alasiri imeanza na bati limemeza sauti yako.* Usipige kelele. Geuza mpangilio: kazi ya kuandika ije sasa, mifano ubaoni wasome kimya, kadi zingoje mvua ipungue.

*Mtathmini ameuliza umetumia nadharia gani.* Mwonyeshe andalio, uweke kidole kwenye uamuzi mmoja: "Idadi nimeiacha nje kwa sababu ya mzigo wa akili. Kadi zina jibu nyuma ili wajisahihishe papo hapo. Maswali ya mwanzo ni ya wiki iliyopita kwa sababu ya kusahau." Kisha mpe karatasi yako ya *wanajua* na *bado*, pamoja na daftari moja kutoka kila fungu.